Kesho, Nyuzi Tano

Alikuja Jumanne, saa mbili na robo, bila barua,
viatu vimeshika vumbi jekundu la Pasua.
Akasaini kitabu cha wageni kwa kalamu yake mwenyewe:
Sifaeli Mmbando, Ukaguzi.
Mlima ulikuwa umejifunika.
Mimi nilikuwa na mtoto wa mtu mapajani, sindano mkononi.

"Malizia," alisema. "Sina haraka."
Asiye na haraka ndiye wa kuogopwa.

Akaanzia chooni, si kwa daktari.
Akafungua bomba kwa kiwiko, likakataa;
akalishika kwa mkono, likakohoa, likatoa maji.
Akanusa ndoo ya klorini kama mpishi anusavyo mchuzi,
akauliza imechanganywa lini.
"Alfajiri," akajibu Ndekusia, mfagizi wetu,
akataja na vipimo bila kutazama ukutani.
Mimi niliyeibandika ile karatasi ningetazama.

Kisanduku cha sindano kimevuka mstari: akaandika.
Mtungi wa kuzimia moto umekufa tangu mwaka juzi: akaandika.
Kitanda cha kujifungulia kina kutu gotini.
Hapo hakuandika. Alipitisha kidole,
akakitazama kidole.

Kwenye foleni mtu akauliza, "Ndiye daktari mpya?"
"Huyo anapima wapimaji," akajibiwa, katikati ya kikohozi.

Halafu jokofu.
Jokofu letu hunguruma kama mtu anayeota madeni.
Juu yake, limefungwa kwa uzi, daftari la joto:
asubuhi na jioni, mbili hadi nane ndiyo halali.
Alifunua taratibu.
Tano. Tano. Tano. Tano na nusu
(ilikuwa sikukuu, nilijisikia huru).
Tano. Tano.
Kidole kikashuka, kikasimama.

"Sista Aikande, leo tarehe ngapi?"
"Kumi na nne."
"Hapa naona kumi na tano. Asubuhi, tano. Jioni, tano.
Kesho kwenu imeshapita?"

Ningemwambia nini?
Kwamba usiku wa Alhamisi umeme ulikatika saa tatu,
nasi wawili tukabeba chanjo zote katika kasha la barafu,
kanga juu yake kama tumebeba mgonjwa,
mpaka kwa Mama Eliwaza muuza maziwa, mwenye jenereta,
tukazilaza katikati ya ndoo za mtindi;
kwamba nilikesha juu ya kreti,
nikichungulia kipimajoto kwa tochi ya simu:
saba, sita, saba, saba na nusu, Mungu wangu, sita,
hadi kukapambazuka;
kwamba nilizirudisha zote, hata kichupa kimoja hakikuharibika,
nikachukua kalamu
nikaandika: tano.
Maana kile kimraba cha daftari ni kidogo,
hakiingii jenereta, wala mtindi, wala Mama Eliwaza.
Na mkono ukishazoea tano
huipita leo kama lori lisilo breki.

Nikamwambia. Yote. Nikivitazama viatu vyake.

Hakucheka, wala hakunipa pole.
"Ile saba na nusu," alisema,
"ndiyo niliyoitafuta tangu asubuhi.
Saba na nusu ningeiamini.
Humu najua ipo tano moja ya kweli,
lakini siijui ni ipi. Na wewe huijui."

Akaikata kesho kwa rula, mstari mmoja,
akaandika pembeni jina lake na saa.
Chai alikataa.
Akatuachia nyota moja. Kamili ni tano.

Foleni ikaendelea: jipu, mimba, malaria, jipu.

Saa kumi na mbili nilisimama mbele ya jokofu,
nikavaa miwani, jambo nisilolifanya siku zote.
Nane na nusu.
Nikasoma tena, nikiinama.
Nane na nusu.
Nikaandika nane na nusu, wino ukavuja kidogo.

Nilipogeuka kutafuta kasha la barafu
Ndekusia alikuwa mlangoni,
kanga tayari begani.